Kigoda cha Mlangoni

Philbert Bigirimana alisubiri miaka saba kuitwa Kigoda, na siku alipoitwa, wito wenyewe haukumaliza hata dakika moja. Mzee Pancras alimfuata kwenye mashine yake ya kusaga pale Biharamulo mjini, akayaangalia magunia ya mahindi yaliyopangwa hadi kugusa paa, akasema, "Jumapili saa nane mchana uje kwangu. Uje peke yako." Kisha akapanda gari lake akaondoka.

Kwa mtu asiyejua, Kigoda kilikuwa marafiki tu waliozoea kula mbuzi pamoja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Hakikuandikishwa popote. Hakikuwa na bango wala muhuri. Lakini kila mfanyabiashara alijua, ingawa hakuna aliyelisema kwa sauti, kwamba hakuna jambo lenye nyama lililotokea Biharamulo au Ngara bila kupitia kwanza kwenye ua ule wenye mikaratusi, kilimani nyuma ya mji. Nani asombe mbolea, nani auziwe viwanja kabla havijatangazwa, mtoto wa nani aajiriwe wapi. Walikuwa watu kumi na watatu: wenye malori, wenye mashimo ya dhahabu, wenye shule, na wastaafu wawili waliowahi kukalia ofisi kubwa.

Philbert hakuzaliwa miongoni mwa watu wa namna hiyo. Baba yake alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa na jembe na mke mjamzito, akapata shamba Nyakisasa, upande wa Ngara. Mimba ile ndiyo iliyomleta Agripina, dada yake Philbert. Agripina aliacha shule darasa la tano, akawa anabeba mikungu ya ndizi kichwani hadi mnadani ili mdogo wake aende sekondari. Hakuwahi kumkumbusha jambo hilo hata mara moja, na labda ndiyo maana Philbert hakuweza kulisahau.

Kwa hiyo alipokuwa akikitamani Kigoda, hakujiona mchoyo. Alijiambia kwamba watu wa kwao wamesimama nje vya kutosha. Akiingia mmoja, atauegemea mlango usifungike, na wengine watapita.

Wiki ileile aliyoitwa, Joyness, binti wa kwanza wa Agripina, alikuja kulala kwake siku mbili. Alikuwa na shahada ya kilimo na miaka minne ya kukaa nyumbani. Wafadhili kutoka nje walikuwa wameleta mradi wa parachichi katika wilaya zote mbili, na nafasi sita za mabwana na mabibi shamba zilitangazwa hadi kwenye mbao za matangazo za kata. Watu mia mbili na kumi walifika kufanya mtihani.

Jioni ya mtihani Joyness alirudi akiwa na vumbi miguuni na uso unaong'aa.

"Mjomba, maswali yote nimeyaona," alisema. "Wameuliza kubebesha miche, wameuliza ukungu wa mizizi. Mambo ninayoyafanya kila siku nyuma ya nyumba kwa mama."

"Basi umepata."

Binti akapangusa vumbi miguuni. "Wenzangu wanasema bila kumjua mtu hupati. Mjomba, wewe kuna mtu unamjua?"

Philbert akacheka, akampigapiga begani. "Mwanangu, huo ni mradi wa wazungu. Wao wanataka alama, hawataki majina. Kalale."

Aliyasema kwa moyo mweupe. Jumapili ilikuwa bado siku tatu.

Siku hiyo ilipofika walimkalisha kwenye kigoda kifupi karibu na mlango. Wengine walikaa kwenye vigoda vya namna hiyohiyo, lakini vyao vilikuwa vimeng'aa kwa kukaliwa, vingine tangu enzi za baba zao. Mzee Pancras akampa kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akamwapisha mwenyewe.

"Neno la hapa haliruki kizingiti. Tunapoamua, mikono yote inapanda. Mkono usiopanda tunauhesabu kuwa umekatika. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Wakala mbuzi. Wakacheka. Malongo, mwenye mashimo ya dhahabu, mtu mnene mwenye sauti nyororo kama ya mwalimu wa kwaya, akamwita "ndugu yetu" mara tatu, na Philbert akahisi joto likimpanda kifuani. Mara ya tatu alikaribia kutoa machozi.

Sahani zilipoondolewa, Malongo akatoa bahasha ya kaki kwenye koti. Ndani mlikuwa na matokeo ya mtihani wa mradi wa parachichi, ambayo yalikuwa hayajatangazwa kokote.

"Tuanze na waliofaulu," akasema, akaweka miwani. "Wa kwanza, Joyness Aron, Nyakisasa. Tisini na moja. Wa pili ana sabini na nane."

Philbert alisogea ukingoni mwa kigoda. Alitaka kusimama. Alitaka kuwaambia wote kwamba mtoto huyo alilala nyumbani kwake, kwamba mama yake ndiye aliyebeba ndizi. Lakini Malongo alikuwa amekwisha kugeuza karatasi na kutoa nyingine, ndogo, iliyoandikwa kwa mkono.

"Sasa wa kwetu." Akasoma majina sita. La kwanza lilikuwa Elick, mjukuu wa Mzee Pancras, aliyepata alama thelathini na nne. Wengine walikuwa mtoto wa fulani na shemeji wa fulani.

Philbert akakohoa. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza jinsi ilivyokuwa ndogo. "Wazee wangu, huyu wa kwanza... naona amefaulu sana."

Hakuna aliyekasirika. Mzee Pancras akamgeukia kwa upole.

"Amefaulu kweli, Mungu ambariki. Ana nani?"

Lilikuwa swali la kawaida, kama mtu anavyoulizwa ametoka kijiji gani. Jibu lake lilikuwa neno moja tu, *mimi*, nalo lilimfika Philbert kwenye ulimi na kukaa hapo. Akawaza kwamba hana hata saa tatu tangu aapishwe. Akawaza malori yake matano, na zabuni ya kusomba miche ya parachichi ambayo Malongo alikuwa ameitaja wakati wa kula. Akawaza: mwaka huu nikae kimya wanizoee, mwakani watanisikia.

"Simjui," akasema.

"Basi," akasema Mzee Pancras, na mikono ikapanda. Wa Philbert ulikuwa wa mwisho kupanda, lakini ulipanda.

Majina yalipobandikwa, Joyness aliyasoma mara nne kwenye ubao wa kata, kisha akampigia mjomba wake simu.

"Labda sikugeuza ukurasa wa mwisho," alisema. "Labda kulikuwa na maswali nyuma."

"Labda," akasema Philbert. "Utajaribu tena mwakani."

Wiki iliyofuata Agripina alimtumia mkungu wa ndizi na debe la maharage kwa basi, na ujumbe kwamba anamshukuru sana kwa kumlaza mtoto na kumlisha, na kwamba amemgombeza Joyness kwa uzembe wa kutokusoma maswali yote. Philbert hakuweza kuyala maharage yale. Mkewe aliyapika, naye akatoka akaenda kukaa ghalani mpaka watoto walipomaliza kula.

Ili apate usingizi, alimwita Joyness aje kuwa karani wa mizani kwenye mashine. Binti alikuja. Akawa anapima mahindi ya watu kuanzia asubuhi, unga umemjaa kwenye nyusi, anaandika kilo kwenye daftari. Wakulima walimpenda kwa sababu hakuwaibia kwenye mizani. Philbert alipopata zabuni ya kusomba miche ya mradi, Joyness ndiye aliyekwenda na madereva hadi Bukiriro na Nyantakara kukagua upakiaji, na huko alikutana na Elick.

Elick hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na pikipiki mpya ya mradi na koti lenye nembo, na hakujua kitu. Miche mia tatu ilimkaukia mikononi mwezi wa kwanza. Alimwomba Joyness amfundishe kubebesha, na Joyness akamfundisha: kuchagua kikonyo, kukikata mshazari, kukifunga juu ya mche kwa nailoni kisipitishe hewa. Baadaye Elick akawa anamletea hata ripoti amwandikie. Alizipeleka kwa wafadhili zikiwa na jina lake, nao wakamsifu.

"Unamsaidia kwa nini?" Philbert alimuuliza siku moja.

"Miche haina kosa, mjomba," akajibu.

Mwaka ukazunguka. Mradi ukatangaza nafasi nyingine mbili. Safari hii Philbert alijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Alipeleka mbuzi wawili kwa Mzee Pancras, akayapanga maneno yake njia nzima, na Malongo alipomaliza kusoma waliofaulu na kutoa karatasi yake ndogo tu, Philbert akasimama.

"Wazee, kuna binti aliyeongoza mtihani mwaka jana. Safari hii pia ameongoza. Ana mimi. Ni mtoto wa dada yangu."

Wakatazamana, kisha wakacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, na hilo ndilo lililomtisha.

"Tunajua," akasema Mzee Pancras. "Fomu ilikuwa na jina la mama yake, Agripina Bigirimana. Unadhani hatusomi?"

Philbert akabaki amesimama.

"Mwaka jana tulikuwa tunakutazama wewe," mzee akaendelea, kwa sauti ileile ya upole. "Mtu anaweza kuapa kwa mdomo. Sisi tulitaka kuona kama utamtoa wa damu yako. Ukamtoa. Siku ile ndiyo tuliyokupokea."

"Basi sasa..."

"Sasa keti, ndugu yetu," akasema Malongo. "Wewe ni wa mlangoni. Wa mlangoni anakula, ila hagawi. Watu wa kwenu huko Nyakisasa na Bukiriro wakilalamika kwamba wametengwa, sisi tunawaonyesha wewe. Hiyo ndiyo kazi yako, na malori yako yanatembea kwa ajili hiyo. Au umechoka?"

Malori yalikuwa yamekuwa tisa. Manne yalikuwa ya mkopo, na dhamana yake ilikuwa imetiwa saini na Malongo mwenyewe. Philbert akatazama mlango, ambao ulikuwa hatua moja tu nyuma yake, haukufungwa hata kwa komeo. Kisha akaketi. Mikono ilipopanda, wake haukuwa wa mwisho.

Aliyemwambia Joyness ni Elick, wala hakukusudia ubaya. Walikuwa wakifunga miche ghalani, naye akasema, kama anayetoa pole, "Babu anasema mjomba wako alikuombea safari hii. Mwaka jana alinyoosha mkono tu kama wengine. Kwani hakukwambia?"

Joyness alimaliza kufunga mche uliokuwa mkononi. Akaufunga vizuri. Kesho yake asubuhi alifika kazini kabla ya wasagaji, akamkuta Philbert anafungua kufuli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona mapema?"

"Mwaka jana ulinyoosha mkono?"

Philbert alikuwa na maneno mengi tayari. Alikuwa ameyatunza mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo. Yalihusu mlango, na kuzoeana, na subira.

"Nilinyoosha," akasema.

"Na juzi?"

"Na juzi."

Binti akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kilo alizosomewa na mizani. Hakulia. Hakusema ataondoka, angeondoka kwenda wapi? Barabarani wakulima wa kwanza walikuwa wanapandisha baiskeli zao, kila moja na magunia mawili.

"Mama hajui," akasema Joyness. "Sitamwambia. Ataumia bure. Ila nina swali moja, mjomba, unijibu kweli. Tecla, mdogo wangu, yuko kidato cha tatu. Anaongoza darasa. Kila jioni anasoma nje mpaka giza linamfukuza. Nimwambie aendelee?"

Philbert aliushika mlango wa bati. Alitafuta neno la ndiyo, akaliona ni uongo. Alitafuta la hapana, akashindwa kulibeba. Mkulima wa kwanza akasimamisha baiskeli, akawasalimu, akauliza kama mashine imeanza.

"Inaanza sasa hivi, baba," akasema Joyness. Akangoja jibu la mjomba wake kidogo zaidi, kisha akampita, akaingia ndani kulipokea gunia.