Ngata ya Ainebyona

Daktari wa upasuaji alikuja hospitalini hapo kwa wiki moja tu. Ijumaa angerudi Mwanza. Kemirembe alilijua hilo tangu alipotoka Kaisho na mwanawe. Ainebyona alizaliwa ubongo umechomoza kwenye tundu la kisogo. Walimpasua akiwa mchanga, wakashona ngozi, lakini mfupa haukuziba. Sasa, akiwa na miaka minne na bado hawezi kukaa, daktari angechukua kipande cha mfupa wa utosi wa mtoto mwenyewe azibe pale palipobaki laini kama parachichi lililoiva.

Jumatatu muuguzi Therese alimgeuza mtoto, akainama kukitazama kisogo.

"Mama Aine, hiki kidonda kimetoka wapi?"

Kemirembe akainamisha uso. Mkwewe, Benadeta, akajibu kwa fahari: "Ni mchubuko tu. Analala kwenye ngata. Huyu mkamwana wangu kaisuka mwenyewe kwa majani makavu ya mgomba, kisogo kisiguse kitanda."

"Ngata! Kwani mtoto ni mtungi?" Mwanamke wa kitanda cha pili alicheka, kisha akaziba mdomo.

Kila Jumapili Kemirembe alikuwa akiifumua na kuisuka upya, akiikaza vizuri. Kumbe ukingo ule ule alioukaza ndio uliokuwa ukiila ngozi.

Daktari alipofika hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Kina usaha, mama. Nikipasua hapa, vijidudu vitaingia kwenye ubongo. Kikikauka kufikia Alhamisi, nitamfanyia."

Kuanzia saa ile kichwa cha Ainebyona hakikulala juu ya kitu chochote. Kililala kiganjani, ubavu ubavu, Kemirembe na Benadeta wakipokezana, usiku na mchana. Therese alisafisha, akachoma sindano.

Alhamisi daktari alikishika kile kichwa kwa vidole viwili, akakiangalia dirishani.

"Pamebaki hapa."

Palikuwa padogo kuliko punje ya kahawa.

"Daktari, si padogo hapo?"

"Padogo. Lakini panatosha kumuua." Akavua glavu. "Nitarudi baada ya miezi mitatu. Asianguke, asigongwe."

Benadeta aliitoa ngata kwenye kikapu, akaenda kuitupa jalalani. Aliporudi akanyoosha mkono.

"Nipe mimi, mwanangu. Huo wako umeshakufa ganzi."

Kemirembe alitikisa kichwa. Chini ya kiganja chake pale palipo laini palikuwa pakidunda, pakidunda, na hakuthubutu kukiondoa.