Fiammata Asema Kweli Kanisani

Saa tisa alasiri, tarehe kumi na sita Agosti, farasi aliingizwa kanisani abarikiwe kabla ya mbio za mitaa, na watu wa Mtaa wa Sungura wakanyamaza wasije wakamshtua. Ottavia, mwenye miaka themanini na minne, alikaa benchi la mbele. Mtaa wake ulishinda mara ya mwisho yeye akiwa bibi harusi, na daktari alikwisha kumwambia Krismasi hataiona. Alitaka ushindi mmoja tu, na hakuona haya kuusema.

Macho yote yalikuwa chini ya mkia, maana farasi akinya kanisani ni bahati. Padri alipomaliza kusema, "Nenda, urudi mshindi," farasi jike yule mwekundu, Fiammata, akainua kichwa.

"Nitashindaje? Nahodha wenu ameuza mbio kwa Mtaa wa Kunguru. Mpandaji kaambiwa anivute hatamu."

Nahodha Ulivieri akarekebisha tai.

"Shii!" akasema mama mmoja nyuma. "Mwacheni anye."

Akanya. Kanisa zima likalipuka kwa shangwe, watu wakakumbatiana, na mashtaka yakaishia hapo.

Ottavia peke yake alimsogelea farasi. "Mwanangu, sheria yetu ni kwamba farasi akitangulia kufika ameshinda, hata mgongoni pakiwa patupu. Ulijua?"

"Sikujua, bibi."

"Haya, sasa umejua."

Uwanjani ngoma zilipita, bendera zikarushwa juu na kudakwa, mafahali weupe wakakokota gari lao kwa mwendo wa watu wasiodaiwa haraka. Kisha mbio. Kwenye kona ya pili Fiammata alimshusha mpandaji juu ya magodoro ya ukutani, taratibu kama mtu anayetua gunia, akaendelea zake na kufika wa kwanza. Ottavia alilia kwa furaha. Nahodha akabebwa juujuu.

"Mjanja huyu!" watu walipiga kelele. "Alikuwa na mpango wake tangu mwanzo!"

Septemba meza zikapangwa barabarani kwa karamu ya ushindi. Fiammata, kama ada, aliwekwa kichwani pa meza na hori lake la shayiri. Alisubiri hotuba ziishe.

"Ushindi huu si wa Ulivieri," akasema. "Yeye aliwauza."

Wakampigia makofi. Mtu akamletea sukari.

"Asemayo ni kweli tupu," katibu alikiri, akimega mkate. "Lakini nahodha aliyeshinda habadilishwi, jamani. Anayemtaka tena anyoshe mkono."

Fiammata akauliza kama naye anaweza kupiga kura. Katibu akamjibu kwa upole kwamba kura ni ya waliobatizwa kwenye kisima cha mtaa.

Mkono wa kwanza kunyoshwa ulikuwa wa Ottavia, aliyekaa ubavuni mwake. Fiammata akamtazama.

"Usininunie, mwanangu," Ottavia akasema. "Mimi niliomba ushindi. Haki sikuiomba."