Lenzi ya Tumpe

Kitu chepesi kuliko ganda la mpunga wa Madibira, kikikosa nafasi yake kinabomoa nyumba. Msihangaike kunipa mji, wanangu, nategua mwenyewe: ni lenzi aliyowekewa mjukuu wangu Tumpe.

Tangu utoto miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Vitus alipomposa, Tumpe akasema haendi madhabahuni na machupa yale. Akaenda kliniki moja Mbeya mjini, wakampandikiza lenzi ndani ya jicho la kulia, nyuma ya mboni. La kushoto lingefuata. Akaja kwangu Idodi kupumzika.

"Bibi, naona jani mojamoja kule mlimani!"

"Basi leo utaona nilivyozeeka, mke mwenzangu."

Tukacheka. Kesho yake kichwa kikamgonga, jicho likawa jekundu, akatapika uji wote.

Binti yangu Bertha, shangazi yake, ni mzee wa kanisa. Akamtazama tumbo, jicho hakulitazama. Tangazo la ndoa lilibaki moja, la Jumapili, na usharika wetu ni mkali: bibi harusi mwenye mimba havai shela.

"Mimba hiyo," akasema.

"Shangazi, sijamjua mwanaume. Ni jicho. Taa naiona ina pete za rangi."

"Wenye mimba wanaona hata nyota mchana! Zahanati huendi. Nesi yule anaimba kwaya, jioni usharika mzima watajua. Utakaa ndani mpaka Jumapili ipite."

Nikabishana. Nikaambiwa naharibu harusi ya mjukuu wangu. Tumpe akanyweshwa tangawizi, akalia hadi sauti ikakauka.

Jumapili Bertha alipotoka kanisani alinikuta nimemziba Tumpe jicho la kushoto kwa kiganja.

"Vidole vingapi hivi?" nikamwuliza.

"Vidole gani, bibi?"

Nikasimama. "Bertha, hata kama ana mapacha, tunakwenda Iringa."

Daktari wa Iringa alitueleza polepole. Nafasi ya lenzi imejificha ndani; Mbeya walipima upana wa jicho kwa nje, wakakadiria. Ikawa kubwa. Ikasukuma mboni mbele, maji ya jicho yakakosa njia, presha ikapanda. Ingekuwa ndogo nayo ingegusa lenzi ya kuzaliwa, ikaleta mtoto wa jicho.

"Kutapika ndiyo dalili yake," akasema. "Mngemleta siku ileile, ningeitoa na jicho likapona. Sasa nitaitoa, lakini mshipa wa kuonea umeshakufa."

Bertha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimba?"

"Mimba ipi, mama?"

Harusi ilifungwa, na shela Tumpe alivaa. Jicho la kushoto amekataa lisiguswe. Akija Idodi, Bertha hukaa naye kanisani, kila mara upande wa kulia, asikoweza kuonekana. Sijui ni mapenzi au ni kuogopa kutazamwa. Tumpe hajamgeukia hata mara moja.