Mwandiko Ndani ya Yai

Jumatatu saa mbili asubuhi, mtaalamu wa maabara ya uzazi, ambaye wenzake walimwita Fundi Mayai, alitoa kisahani chenye viinitete vya mshonaji mmoja aliyetafuta mtoto kwenye kabati la joto na kukiweka chini ya darubini. Viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vilikuwa vitatu, vya siku nne. Kwa umri huo alama nyingi za zamani, zile zinazoziambia jeni ziamke au zilale, huwa zimeshafutika ili mtoto aanze upya. Viwili vilikuwa vyeupe pe. Cha tatu, chenye afya kuliko vyote, kilikuwa na maandishi ya penseli.

"Usishibe. Mashemeji hawajala."

Fundi Mayai aliongeza dawa ya kusafishia. Maandishi yakagoma. Akampigia simu mshonaji, ambaye alifika na tepu ya kupimia ingali shingoni, akachungulia.

"Huu mwandiko wa mama," alisema. "Hiyo 'sh' yake imepinda kama ndoano."

"Yawezekana. Yai hili liliumbwa wewe ukiwa bado tumboni mwake."

Wakampigia mama, simu wakaiweka spika.

"Mama, uliandika kwenye yai langu?"

"Ah, hilo." Sufuria ilisikika ikifunikwa. "Nilikuwa na mimba yako, tunaishi kwa wakwe. Mimi nakula wa mwisho, makombo. Karatasi sikuwa nayo."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Baba yako alikuwa anakula."

Mshonaji alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kicheko kilipokwisha, machozi yakaendelea. Kisha akasaini fomu, na kiinitete hicho hicho kikapandikizwa.

Alizaliwa mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na ushee. Alinyonya kwa pupa, lakini kila alipofika katikati aliachia titi, akageuza shingo, akawakagua waliomo chumbani mmoja mmoja, akasubiri. Daktari alipitia faili, akasema ni yale maandishi tu, arudishiwe titi taratibu.

Mtoto alipofikisha miezi miwili, wakwe wa mshonaji walikuja kumwona. Walikuwa mezani mtoto alipoachia titi na kuwatazama.

"Huyu ana adabu," alisema mama mkwe, amefurahi kwelikweli. "Hakufundishwa, kazaliwa nayo."

Mume aliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa. Mama mkwe akanyoosha sahani aongezewe. Mshonaji, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, alimhamishia mtoto bega la kushoto, akaipokea sahani, akaenda jikoni.