Ufunguo wa Jumbe

Sheria yetu inamlinda jumbe wa kijiji: akitenda kwa nia njema ili damu isimwagike, hana kosa la jinai. Nilimweleza hakimu kifungu hicho asubuhi nzima mpaka koo likanikauka. Lakini nia njema haionekani kwa macho, lazima mtu aiseme. Na mshtakiwa, jumbe mwenyewe, baba yangu mzazi, aliyeshtakiwa kumfungia mwanakijiji aitwaye Pilipili, alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

"Baba, kwa nini ulimfungia Pilipili chumbani kwako?" nilimnong'oneza pale kizimbani.

"Niliahidi kutosema."

"Utaozea jela!"

"Basi utaniletea sabuni."

Wakili gani huyu anayetaniwa na mteja wake? Nilitamani kulia na kumfokea kwa pamoja.

Mke wa Pilipili ndiye aliyekwenda polisi aliposikia mumewe amefungiwa kwa jumbe, na nani angemlaumu? Polisi walimkuta baba amejilaza mkekani nje ya chumba hicho, mgongo mlangoni. Wakavunja mlango, wakapekua nyumba nzima, ufunguo hawakuuona. Pilipili hakupekuliwa; nani angempekua mtu aliyefungiwa?

"Mshtakiwa aliuficha," alisema mwendesha mashtaka.

Hakimu alishaanza kusoma uamuzi Pilipili aliposimama. Mkono wake ulitoka mfukoni umeshika ufunguo.

"Ninao mimi, mheshimiwa. Nilikuwa nao muda wote. Nilimwendea jumbe kwa miguu yangu, nikamwambia nifungie, la sivyo leo namuua kaka yangu kwa ajili ya shamba la marehemu baba. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akanipa ufunguo. Akasema, 'Jifungie mwenyewe, mwanangu. Hasira ikikushinda, fungua. Ila utanikanyaga mimi kwanza.'"

Miaka yote nilimwona mzee huyu mkaidi tu, kumbe nimelelewa na mtu wa namna hii! Hakimu alivua miwani, akaifuta, akasahau kuivaa.

Baba aliachiwa huru. Hakunitazama mimi. Alimtazama kaka wa Pilipili, seremala, aliyeketi benchi la nyuma, ambaye ndiyo kwanza anasikia kwamba alikuwa auawe. Pilipili alimwendea, ufunguo bado mkononi, akasimama mbele yake kichwa chini.

Seremala alisogea, akampisha mdogo wake akae kando yake.