Ramani Inasema Mtama

Jumanne saa kumi na moja jioni, Agustina Wangwe wa Nyansurura alikuwa anaanua nguo aliposikia ndege ya dawa inakuja kutoka upande wa mto. Aliacha shuka mbili kwenye kamba, akafunika ndoo ya maji, akamwingiza ndani mjukuu wake Irine, wa miaka minne, akafunga madirisha. Dawa ya kuua kwelea, vile vindege vinavyomaliza nafaka mashambani, ikashuka juu ya mabati, kuku na shuka. Kwelea wenyewe walikuwa kilomita nane mbele, wanakula mtama wa watu kwa raha zao. Irine alikohoa mpaka kulipokucha.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na kila mara ni Jumanne. Nesi wa zahanati alishasema wazi kwamba kifua cha mtoto hakitastahimili dawa nyingine nyingi. Agustina alikuwa amepeleka barua yenye saini za kaya arobaini na moja, kuomba ndege isipite juu ya nyumba. Hakujibiwa, akaenda mwenyewe kwa Ponsiano, bwana shamba, kijana mpole aliyehamishiwa hapo kutoka Bukoba. Ponsiano akafungua ramani.

"Mama, kwenu pamepakwa kijani. Kijani ni mtama. Rubani anafuata ramani."

"Na sisi tunaolala hapo?"

"Hamuonekani. Ila watakuja kuhakiki."

Kabla uhakiki haujafanyika, mtama uliota. Ulianzia sebuleni kwa Agustina, katikati ya makochi, kwa mistari iliyonyooka kuliko yoyote aliyowahi kupanda. Jirani yake Matiko ulimwota mabegani, akakata mikono ya koti lake ili upate nafasi. Kanisani, mwinjilisti aliomba waliorefuka wakae nyuma wasiwazibe wenzao. Irine ulimwota kichwani, na bibi yake akawa anaupalilia kila anapomsuka.

Ponsiano ndiye aliyetumwa kuhakiki. Alimwamkia Agustina shikamoo, akapima sebule kwa futi, akasifu nafasi kati ya mashina. Kisha akaandika kwenye fomu kwamba ramani ni sahihi.

"Lakini watu unatuona," Agustina alisema.

"Nawaona, mama. Fomu inauliza ni zao gani."

Aliona aibu kweli, ila fomu haikuwa na sehemu ya kuiandika. Alikunywa uji aliopewa, akaaga.

Masuke yalipokomaa, kwelea walikuja. Walitua kwenye makochi, mabegani kwa Matiko, na kichwani kwa Irine. Mtoto akikohoa wanaruka, akitulia wanarudi. Agustina alishinda anapiga debe tupu kuwafukuza siku mbili, na mikono ilimuuma mpaka akatamani kulia.

Siku ya tatu Ponsiano alipiga simu.

"Mama, kwelea wameripotiwa kwenu. Ndege inakuja leo, haitangoja Jumanne."

"Dirisha halifungi tena, mwanangu. Mabua yametoka nje."

"Pole sana, mama."

Agustina alikata simu. Alikaa mlangoni, akampakata Irine, akaanza kukata mtama kichwani mwake kwa wembe, bua moja moja, ili angalau kwelea wamwache. Alipomaliza la mwisho, la kwanza lilikuwa limeshafika tena masikioni. Aliweka wembe chini, akamfunika mtoto pua kwa kiganja, wakangoja.