Pumzi Moja Kabla ya Kubonyeza

Huu ulikuwa mwaka wa tisa fundi saa akiwa katibu wa klabu ya redio za mawasiliano. Si kwamba aliupenda ukatibu. Kila uchaguzi ukifika, wenzake walianza kutazama viatu vyao. Kazi yake ilikuwa kutunza mtambo wa klabu ulioko kilimani, ule unaodaka sauti hafifu na kuzirusha mbali, na kuwakumbusha watu kanuni zilezile: jitambulishe, sema kwa ufupi, vuta pumzi moja kabla ya kubonyeza kitufe cha kusemea, ili mwenye shida naye apate upenyo.

Mchana huo alikuwa ameinamia saa ya mteja huku redio ikimpasua kichwa. Shemeji yake, ambaye klabu nzima ilimwita Domo, alikuwa akibishana na mwalimu mmoja kuhusu nyaya za antena. Walipokezana bila kuacha hata nafasi ya kupitisha sindano.

Mara, katikati ya ubishi, ikachomoza sauti ya mpima ardhi, mwanachama mwenzao: "...mguu... naomba..." Ikamezwa.

Fundi saa akanyakua kipaza sauti. "Nyamazeni! Kuna mtu ana dharura."

Mwalimu akanyamaza. Domo akasema, "Shemeji, ngoja nimalizie hoja yangu..."

"Hoja yako imemkaba mtu koo! Toka hewani!"

Domo akaachia kitufe. Kisha mpima ardhi akasema, akihema, "Nimeteleza kwenye machimbo ya mawe. Mguu umevunjika. Robo saa nzima nawaita."

Fundi saa akapiga simu hospitali, akakaa redioni akimsemesha majeruhi hadi wabeba machela walipofika. Skrubu ya saa ilikuwa imedondokea sakafuni. Hakuwa na nguvu za kuinama.

Jioni Domo aliingia dukani, akaketi bila hata salamu.

"Nilimsikia," akasema. "Nikadhani ni mikwaruzo tu. Niandikie onyo, shemeji."

"Andika mwenyewe. Mimi mkono umechoka, na ulimi ndio usiseme."

Domo akaandika ukurasa mzima, kama hotuba ya harusi. Fundi saa akafuta yote, akaacha mstari mmoja tu, "Vuta pumzi moja kabla ya kubonyeza," akaubandika ukutani na kufunga duka.

Nyumbani mkewe akamuuliza, "Mpima ardhi anaendeleaje?"

"Atapona."

"Na wewe je, baba watoto?"

Alikwisha kusinzia kitini, kiatu kimoja mguuni.